DAWA YA KUPAKA UKENI BAADA YA OPERESHENI

Somo la leo linahusu dawa ya kupaka iitwayo krimu ya estrojeni. Dawa hii hukaa ndani ya tyubu, kama dawa ya meno. Mama aliyefanyiwa operesheni ya kizazi kilichoshuka huweza kurudi kijijini na tyubu hiyo mfukoni. Hospitali walimweleza namna ya kuitumia. Lakini siku ile alikuwa na maumivu, na mambo aliyoelezwa yalikuwa mengi. Akifika nyumbani anaona haya kuuliza. Amwulize nani? Mkwe wake? Mwenyekiti wa kijiji?

Basi tuyaseme hapa. Wanaume nao wasome, kwa sababu kazi nyingi za wiki zile zitakuwa zao.

KIZAZI HUSHUKAJE?

Kizazi, kibofu na utumbo wa mwisho vinabebwa na misuli iliyo chini ya nyonga. Misuli hiyo ni kama kitanda cha kamba. Kamba zikilegea, kilichomo juu yake hushuka. Mama huhisi kitu kizito ukeni, kama amekalia yai. Siku nyingine kitu hicho hutokeza nje anapochuchumaa au anapobeba ndoo. Mkojo huweza kumtoka akikohoa, au huchelewa kutoka.

Kamba hizo hulegezwa na uzazi mwingi, uchungu wa muda mrefu, kikohozi cha miaka, choo kigumu, na mizigo mizito. Katika Mbeya na Iringa habari ya mizigo haihitaji kuelezwa sana. Viazi hutoka shambani kichwani. Kuni hutoka bondeni mgongoni. Maji yako chini na nyumba iko juu ya kilima. (Nikisema Mbeya na Iringa ninahesabu pia Njombe, iliyotoka Iringa na kuwa mkoa mwaka 2012, na Songwe, iliyotoka Mbeya mwaka 2016. Mikoa imegawanyika lakini milima na mizigo ni ileile.)

Kizazi kushuka si laana, wala si dalili ya uasherati. Ni ugonjwa wa mwili kama ngiri. Kikishuka kidogo, mama huweza kufundishwa mazoezi ya kukaza misuli, au huwekewa pete ya plastiki ukeni ili kukizuia. Kikishuka sana, daktari hupasua na kushona.

KAZI YA ESTROJENI

Mwili wa mwanamke hutengeneza kichocheo kinachoitwa estrojeni. Kichocheo hiki hutoka zaidi katika mifuko ya mayai. Mwaka 1929 wataalamu wawili, Edward Doisy wa Marekani na Adolf Butenandt wa Ujerumani, walifaulu kukitenga kichocheo cha aina hii, kila mmoja kwake. Tangu hapo kiliweza kutengenezwa kuwa dawa. Aina moja inayotumika tangu miaka ya 1940 hutolewa katika mkojo wa farasi jike wenye mimba. Usicheke. Dawa nyingi zina asili ya ajabu.

Estrojeni ni kama mbolea ya ngozi ya uke. Ikiwapo, ngozi hiyo huwa nene, laini na yenye unyevu, na damu hupita ndani yake vizuri. Tena ngozi hiyo huweka akiba ya sukari. Akiba hiyo huliwa na vijidudu vyema vinavyoishi ukeni. Vijidudu hivyo ni ndugu wa wale wanaogandisha maziwa. Kama vile maziwa ya mgando yanavyokuwa machachu, ndivyo na uke unavyokuwa na uchachu kidogo. Uchachu huo huzuia vijidudu vibaya. (Lakini maziwa ya mgando ni ya kunywa. Usiyatie ukeni.)

Mama akifika umri wa kukoma hedhi, kwa wengi kati ya miaka 45 na 55, estrojeni hupungua sana. Ngozi ya uke huwa nyembamba kama ganda la ndani la kitunguu. Hukauka, huwasha, na huchubuka upesi. Mama huhisi maumivu katika tendo la ndoa, na mkojo humchoma mara kwa mara. Mama anayenyonyesha pia huweza kupungukiwa na estrojeni kwa muda, ingawa bado ni kijana.

Sasa fikiri juu ya fundi nguo. Akishona kiraka juu ya kanga mpya, uzi hushika. Akishona juu ya kanga iliyochakaa, uzi hukata nguo. Kwa sababu hiyo madaktari wengine humpa mama aliyekoma hedhi krimu ya estrojeni kwa wiki kadhaa kabla ya operesheni, na humwambia aendelee nayo baada ya kidonda kuanza kufunga. Wanataka ngozi iwe na nguvu na isikauke.

KRIMU HAISHIKILII KIZAZI

Hapa ndipo watu wengi wanapopotea, kwa hiyo nitakaa kidogo. Kuna akina mama wanaosema, "Nina dawa ya kupaka, nitapona upesi, naweza kwenda shamba." Hapana. Krimu hulisha ngozi. Haikazi misuli. Haishikilii nyuzi.

Jambo hili limechunguzwa. Mwaka 2023 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa Marekani kwa wanawake zaidi ya 200 waliokwisha koma hedhi na kupasuliwa kwa ajili ya kizazi kilichoshuka. Nusu yao walipewa krimu ya estrojeni, kabla na baada ya operesheni. Nusu nyingine walipewa krimu isiyo na dawa, bila kujua. Baada ya miezi 12 walipimwa. Krimu ya estrojeni haikuzuia kushuka tena. Lakini wale waliokuwa wakisumbuliwa na ukavu na mwasho walipata nafuu zaidi.

Kwa hiyo krimu ni ya ukavu, mwasho na uzima wa ngozi. Kinacholinda mshono ni kupumzika. Mama aliyepasuliwa asibebe ndoo ya lita 20, asilime, asitwange, wala asibebe mtoto mgongoni kwa muda alioambiwa na daktari. Kwa kawaida muda huo ni wiki 6 kwa uchache, na kwa kazi nzito madaktari wengi hupenda miezi 3. Tendo la ndoa lisubiri wiki 6, tena mpaka daktari amtazame na kuruhusu. Bwana, wewe unayesoma, hiyo ndiyo kazi yako: kuchota maji na kusubiri.

Choo kigumu nacho huvuta nyuzi. Mama ale matunda na mboga, ale maharage, na ugali wake uwe wa dona kuliko sembe. Parachichi za Rungwe na Njombe ni nzuri kwa kazi hii. Anywe maji ya kutosha. Anayekohoa kila siku aende kupimwa kifua. Ulanzi usihesabiwe kuwa maji.

Tena nasema kwa wale wasio na fedha: si kila aliyepasuliwa anahitaji krimu hii. Mwanamke ambaye bado anaona hedhi kwa kawaida ana estrojeni yake mwenyewe. Na zahanati nyingi hazina krimu hiyo katika kabati la dawa. Mama asiyeipata mshono wake hautafumuka kwa ajili hiyo. Usiuze mbuzi ili kununua tyubu ambayo daktari hakuiandika.

CHUKUA TYUBU, TUSOME

Anayejua kusoma ana faida kubwa hapa. Tyubu za dawa hufanana. Katika nyumba moja huweza kuwapo tyubu ya fangasi, tyubu ya upele, na tyubu ya estrojeni. Tena sokoni zipo krimu za kujichubua uso, zile za mkorogo. Baadhi yake zina dawa kali ambazo, zikitumiwa kwa muda, huifanya ngozi kuwa nyembamba zaidi. Mama mwenye mshono mbichi akijipaka dawa hiyo kwa kukosea, anajiumiza pale anapotaka kupona.

Soma jina la dawa lililoandikwa kwa herufi ndogo chini ya jina kubwa la biashara. Jina kubwa hubadilika kutoka kiwanda hadi kiwanda. Jina la dawa halibadiliki hivyo. Tafuta herufi hizi nne zikifuatana: E, S, T, R. Utaziona katika ESTRIOL, katika OESTRIOL na katika ESTRADIOL. Hizo ni za jamii ya estrojeni. Ukisoma CLOTRIMAZOLE, hiyo ni ya fangasi. Ukisoma BETAMETHASONE au CLOBETASOL, hizo ni za magonjwa fulani ya ngozi, na ndizo nyingine wanazozitia katika mkorogo. Linganisha na karatasi uliyopewa hospitali, herufi kwa herufi. Zikitofautiana, usipake. Nenda zahanati na tyubu yenyewe.

Kisha tazama namba. Tyubu ya estriol huweza kuandikwa 0.1%. Maana yake ni kwamba katika sehemu 1,000 za krimu, sehemu 1 ni dawa. Kwa kuwa gramu 1 ni miligramu 1,000, basi gramu 1 ya krimu ina miligramu 1 ya dawa. Ni kidogo, na kidogo hicho kinatosha. Mwisho tafuta herufi EXP. Mbele yake kuna mwezi na mwaka. Mwezi huo ukipita, dawa hiyo haifai tena.

NAMNA YA KUTUMIA

Siku ya kuanza ataitaja daktari aliyepasua. Usiibuni. Katika siku za kwanza uke una nyuzi mbichi, na mara nyingi huwa na shashi ndani na mpira wa mkojo. Kijibomba cha plastiki kinachokuja na krimu huweza kuumiza mshono. Wengine huambiwa watumie ncha ya kidole mwanzoni, na kijibomba baadaye. Wengine huambiwa wasubiri mpaka siku ya kurudi kutazamwa. Yote mawili ni sawa, kwa sababu operesheni hazifanani.

Mara nyingi mpango ni kutumia kila usiku kwa wiki 2, halafu mara 2 kwa wiki. Ukiandikiwa mara 2 kwa wiki, chagua siku usizosahau, kama Jumatano na Jumapili. Ziandike ukutani kwa mkaa. Ukisahau siku moja, endelea na siku inayofuata. Usipake mara mbili ili kufidia.

Nawa mikono kwa sabuni. Kata kucha. Jaza krimu katika kijibomba mpaka kwenye mstari uliooneshwa. Lala chali, kunja magoti, ingiza taratibu pasipo kusukuma kwa nguvu, kisha sukuma dawa. Fanya hivyo wakati wa kulala ili isitiririke. Osha kijibomba kwa maji ya vuguvugu na sabuni, usikichemshe. Nawa mikono tena kabla ya kumshika mtoto. Mtoto mdogo akiguswa na krimu hii mara kwa mara, matiti yake huweza kuanza kukua kabla ya wakati. Kwa hiyo tyubu isiwekwe karibu na mafuta ya kumpaka mtoto, wala karibu na jiko.

Nje ya uke osha kwa maji safi tu. Usiingize ndani sabuni, chumvi, majivu, ugoro wala majani ya dawa. Hata kama bibi yako alifanya hivyo akaishi miaka 90, yeye hakuwa na nyuzi. Anayetumia kondomu amwulize mganga kwanza, kwa maana krimu nyingine hulegeza mpira wake.

Krimu hii haizuii mimba. Haimrudishii mama hedhi. Aliyekoma hedhi kwa mwaka mmoja au zaidi, kisha akaona damu, asishangilie kuwa ujana umerudi. Aende kupimwa. Damu hiyo huweza kuwa ya jambo dogo, lakini pia huweza kuwa ya saratani ya mlango wa kizazi au ya kizazi chenyewe. Kipimo cha mlango wa kizazi kinachofanywa kwa siki kipo katika vituo vingi vya afya, na hakichukui muda mrefu.

WASIOTUMIA BILA KUMWAMBIA DAKTARI

Mama aliyewahi kuwa na saratani ya matiti, au anayetokwa na damu ukeni ambayo sababu yake haijajulikana, au aliyewahi kupata damu iliyoganda katika mshipa wa mguu, aseme hayo mapema. Aseme hata kama hakuulizwa. Krimu ya ukeni huingia kidogo sana katika damu, na kwa wengi haina madhara makubwa, lakini uamuzi kwa watu hao ni wa daktari. Wala usimpe jirani tyubu yako kwa sababu naye anawashwa. Mwasho wake huenda ni fangasi, au kisukari, au ugonjwa wa zinaa.

SWALI NI NGOZI GANI

Wengine pia hupewa krimu hii. Wapo wasichana waliozaliwa bila uke, wakajengewa na madaktari. Na katika nchi kama Marekani na zile za Ulaya, wapo watu waliozaliwa na mwili wa kike wanaoishi kama wanaume na kutumia homoni ya kiume. Homoni hiyo huikausha ngozi ya uke kama inavyokauka kwa mama aliyekoma hedhi, na madaktari wao huweza kuwapa krimu ya estrojeni kabla au baada ya operesheni. Wapo pia waliozaliwa na mwili wa kiume wanaoishi kama wanawake, wakajengewa uke. Uke uliojengwa kwa ngozi iliyotoka sehemu nyingine ya mwili si sawa na uke wa kuzaliwa. Ngozi ile haina njaa ileile ya estrojeni, kwa hiyo matunzo yake ni mengine. Ninayataja haya ili uone jambo moja: krimu haifuati jina la operesheni. Hufuata aina ya ngozi iliyoshonwa. Anayeijua ngozi hiyo ni aliyeishona. Mgonjwa yeyote wa namna hiyo akija zahanati na kidonda, ni mgonjwa kama wengine. Atatunzwa, na siri yake itatunzwa.

Na dada zetu wa fistula? Hao wana tundu kati ya kibofu na uke, lililotokana na uchungu uliokwama. Wengi wao ni vijana, na krimu hii si lazima kwao. Kwao jambo kubwa ni mpira wa mkojo usizibe, maji mengi ya kunywa, kukaa bila tendo la ndoa kwa miezi 3, na uzazi unaofuata ufanyike hospitali, mara nyingi kwa kupasuliwa. Operesheni hiyo hufanywa Addis Ababa katika hospitali ya Catherine na Reginald Hamlin, iliyofunguliwa mwaka 1974, na hapa kwetu hufanywa Dar es Salaam katika hospitali ya CCBRT. Tutawaandikia somo lao peke yake.

DALILI ZA KURUDI UPESI

Katika wiki za kwanza uchafu wa rangi ya kahawia au manjano kidogo ni kawaida, na vipande vya uzi huweza kutoka. Nyuzi hizo huyeyuka zenyewe. Usizivute. Lakini usingoje siku ya kliniki ukiona haya: damu nyingi inayolowesha kitambaa upesi, uchafu wenye harufu mbaya, homa, tumbo kuuma na kuzidi, mkojo kukataa kutoka, au kutoka wenyewe bila kukoma, mguu mmoja kuvimba na kuuma, kifua kubana. Mguu na kifua ni jambo la saa ile ile, hata kama ni usiku na mvua inanyesha. Ukijipaka krimu ukahisi kuungua kidogo, hiyo huweza kupungua baada ya siku chache. Ukiungua sana, acha, kisha uende zahanati.

Siku ya kurudi, iwe ni hospitali ya wilaya, au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya pamoja na kitengo chake cha wazazi cha Meta, au hospitali ya mkoa wa Iringa, chukua vitu vitatu: karatasi ya kuruhusiwa, tyubu yako hata kama imekwisha, na daftari ulimoandika siku ulizopaka. Kama huwezi kusema mbele ya watu wengi kwamba bado unaumwa ukeni, andika katika daftari hilo maneno matatu, "Bado naumwa ukeni," umpe mwuguzi asome.